Kwa Nini Polisi wa Marekani Waliipinga Bangi ya Tiba

Tarehe 15 Agosti 2002, askari wa ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, katika kaunti moja huko California walifika nyumbani kwa mwanamke aliyekuwa akitumia bangi, kwa ushauri wa daktari wake, ili kupunguza maumivu sugu ya mgongo. Walifuatana na maofisa wa DEA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayopambana na dawa za kulevya. Bangi yenyewe ilikuwa miche sita. Askari wa kaunti walichunguza kwa kina, wakaridhika kwamba mwenye nyumba hakuvunja sheria yoyote ya California. Maofisa wa DEA, kwa upande wao, walikuwa wakisimamia sheria nyingine, ya serikali kuu, ambayo haikujali ushauri wa daktari wala kura ya wananchi wa jimbo. Wakavutana kwa saa tatu, na mwishowe maofisa wa serikali kuu wakaichukua miche yote sita na kuiharibu.

Tukio hilo lilizaa kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua mwaka 2005 kwa kura sita dhidi ya tatu: serikali kuu inayo mamlaka ya kupiga marufuku hata bangi iliyolimwa nyumbani kwa matumizi ya mgonjwa mwenyewe. Wanasheria huikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya hukumu. Mimi huikumbuka kwa sababu ya zile saa tatu, kwa kuwa pande zote mbili za mvutano zilikuwa zimevaa beji. Tunapoambiwa kwamba vyombo vya dola vya Marekani vilipinga kuhalalishwa kwa bangi ya tiba, tunaambiwa jambo la kweli lakini lililokunjwakunjwa, na kulikunjua kunataka subira kidogo. Ukilikunjua utaona kwamba ubishi haukuhusu sana swali la kama bangi hutuliza maumivu. Ulihusu nani mwenye kauli ya mwisho pale afisa anaposimama mlangoni au kando ya gari: afisa mwenyewe, au daktari ambaye hayupo hapo.

Msingi wa kisheria uliwekwa mwaka 1970, Rais Richard Nixon alipotia saini sheria iliyozigawa dawa zinazodhibitiwa katika majedwali matano. Bangi iliwekwa katika Jedwali la Kwanza pamoja na heroini, miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa kuwa ni rahisi mno kutumiwa vibaya na havina matumizi ya tiba yanayokubalika nchini humo. Kokeini, kwa mshangao wa wengi wanaoisoma sheria hiyo kwa mara ya kwanza, iko Jedwali la Pili, kwa sababu hutumika hospitalini kama dawa ya ganzi. Kwa afisa wa polisi mgawanyo huo ulikuwa na faida kubwa: haukumwachia la kufikiri. Mtu akipatikana na bangi, kosa lipo, na hakuna maelezo yatakayoliondoa.

Hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 5 Novemba 1996, wapiga kura wa California walipolipitisha Pendekezo la 215, lililomruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa daktari, kwa takriban asilimia 56 ya kura. Masherifu, wakuu wa polisi na waendesha mashtaka wa jimbo hilo walikuwa wamelipinga kwa nguvu. Kampeni ya upinzani iliongozwa na Brad Gates, sherifu wa kaunti ya Orange, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Dan Lungren, aliwatuma maofisa wake kuvamia klabu ya bangi ya wagonjwa jijini San Francisco miezi mitatu kabla ya kura. Waliposhindwa kwenye masanduku ya kura, serikali kuu iliingia. Kabla mwaka huo haujaisha, serikali ya Rais Bill Clinton ilitangaza kwamba daktari atakayempendekezea mgonjwa bangi anaweza kunyang'anywa usajili unaomwezesha kuandika dawa zinazodhibitiwa. Madaktari walikwenda mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi ya Conant dhidi ya Walters, kwamba mazungumzo ya daktari na mgonjwa wake yanalindwa na uhuru wa kusema. Ndiyo asili ya lugha ya ajabu inayotumika hadi leo: daktari wa Marekani haandiki cheti cha dawa cha bangi, anatoa pendekezo tu. Cheti kingekuwa msaada katika kosa la jinai, ilhali pendekezo ni maneno.

Hoja ya kwanza ya polisi, na ndiyo iliyosikika zaidi hadharani, ilikuwa kwamba dawa haipatikani kwa kupiga kura. Dawa hupimwa, hujulikana kipimo chake, hupitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kisha huuzwa na mfamasia. Mmea uliokaushwa na kuvutwa kama sigara haukidhi hata sharti moja kati ya hayo. Kwa kweli hoja hii si ya kubezwa. Tayari tangu mwaka 1985 kulikuwa na kidonge kilichoidhinishwa chenye THC, kemikali ya bangi inayolevya, iliyotengenezwa maabara, na mwaka 2018 FDA iliidhinisha Epidiolex, dawa ya kifafa itokanayo na mmea wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba njia rasmi ilipitika.

Kasoro ni kwamba mlango wa njia hiyo ulikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa askari. Mtafiti aliyetaka kuichunguza bangi alihitaji kibali cha DEA, na kwa zaidi ya miaka 50, tangu 1968, bangi ya utafiti ililimwa kihalali mahali pamoja tu, Chuo Kikuu cha Mississippi. Ni mwaka 2021 ndipo DEA ilipoanza kuwaruhusu wakulima wengine. Mwaka 1988 jaji wa ndani wa DEA yenyewe, Francis Young, baada ya kusikiliza ushahidi wa muda mrefu, alipendekeza bangi iondolewe Jedwali la Kwanza, akiieleza kuwa miongoni mwa vitu vya tiba vilivyo salama zaidi vinavyojulikana. Mkuu wa idara alilikataa pendekezo hilo mwaka uliofuata. Kwa hiyo polisi waliposema sayansi iamue, walikuwa wanataja mwamuzi ambaye chombo chao kimoja kilikuwa kimemfunga mikono. Sidhani kwamba sherifu wa kawaida alikuwa na hila katika hilo. Wengi wao hawakuwahi kuufikiria utaratibu wa vibali vya utafiti. Lakini hoja huwa na uzito wake hata kama anayeitoa hajui ilikotoka, na hii ilikuwa na tundu.

Hoja nzito zaidi haikusemwa sana kwenye mabango ya kampeni, kwa sababu haipendezi masikioni. Ni ile ya harufu.

Kwa miongo mingi, harufu ya bangi ilikuwa ufunguo. Afisa akisimamisha gari kwa sababu ya taa mbovu, akainama dirishani na kunusa bangi, harufu hiyo peke yake ilimpa sababu ya kisheria ya kulipekua gari zima bila hati ya mahakama. Humo angeweza kupata bunduki, kokeini, au mtu anayetafutwa. Upekuzi mwingi uliozaa kesi kubwa ulianzia kwenye bangi kidogo ambayo hakuna mwendesha mashtaka aliyeijali. Sasa tia katika gari hilo kadi ya mgonjwa, ile inayoonyesha kwamba ameruhusiwa kutumia bangi kwa tiba. Harufu ni ile ile, lakini haimwambii tena afisa kwamba kosa limetendeka. Inamwambia tu kwamba bangi ipo, na bangi inaweza kuwa dawa.

Mbwa wa polisi wanaeleza tatizo hili vizuri kuliko mwanasheria yeyote. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Illinois dhidi ya Caballes kwamba mbwa kulinusa gari si upekuzi, kwa kuwa pua yake hufichua kitu kimoja tu, yaani mali haramu, na hakuna mtu mwenye haki ya faragha juu ya mali haramu. Kisha bangi ikawa halali katika majimbo kadhaa. Huko Colorado, mbwa aliyeitwa Kilo alikuwa amefundishwa kutambua bangi, kokeini, heroini, ekstasi na methamfetamini, naye alitoa ishara moja kwa zote tano. Hakuweza kusema amenusa ipi, na mafunzo ya mbwa hayafutiki kama maandishi ya ubaoni. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua, katika kesi ya McKnight, kwamba ishara ya mbwa wa namna hiyo inaweza kufichua kitu halali, na kwa hiyo kumtumia ni upekuzi unaohitaji sababu ya msingi kabla haujaanza. Mbwa mwenye miaka ya mafunzo akapungukiwa na kazi kwa sababu ya kitu asichoweza kukisahau.

Pennsylvania, ambako ni bangi ya tiba tu iliyohalalishwa, suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo katika kesi ya Barr. Mtu aliyekuwa ndani ya gari aliwaonyesha askari kadi yake ya mgonjwa. Wao wakaendelea kupekua kwa sababu ya harufu. Mwaka 2021 mahakama ilisema harufu inaweza kuhesabiwa pamoja na mambo mengine, lakini peke yake haitoshi. Hapo ndipo ile hofu ya miaka yote ilipothibitika, na tukubali kwamba polisi walikuwa wameitabiri kwa usahihi: ukiihalalisha bangi kwa mgonjwa mmoja, umeidhoofisha harufu yake kwa kila mtu, kwa kuwa pua haisomi kadi. Swali linalobaki ni kama kudhoofika huko ni hasara au ni marekebisho yaliyochelewa. Mtu aliyewahi kupekuliwa gari bure kwa harufu ambayo afisa alidai ameisikia, na ambayo haiwezi kuletwa mahakamani kama kielelezo, atakuwa na jibu lake.

Kuna usumbufu mwingine ambao watu wa nje ya kituo cha polisi hawaufikirii: nini kifanyike na bangi iliyokamatwa ikiwa mwenyewe anaonekana kuwa mgonjwa halali? Jijini Garden Grove, California, polisi walichukua kiasi kidogo cha bangi kutoka kwa dereva, mashtaka yakafutwa, dereva akadai arudishiwe. Jiji lilikataa likisema kwamba afisa anayemkabidhi mtu bangi anasambaza dawa za kulevya kwa mujibu wa sheria ya serikali kuu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya California iliamuru arudishiwe. Miaka kumi baadaye Mahakama ya Juu ya Colorado ilitazama swali hilo hilo katika kesi ya Crouse, ikaamua kinyume kabisa: sheria ya jimbo inayowalazimisha polisi kurudisha bangi inagongana na sheria ya serikali kuu, na haiwezi kusimama. Afisa wa jimbo moja anaamrishwa kufanya jambo ambalo mwenzake wa jimbo jingine anakatazwa, na wote wawili wameapa kuilinda katiba ile ile ya Marekani. Ukimsikia mkuu wa kituo akilalamika kwamba bangi ya tiba inaleta mkanganyiko, usidhani ni kisingizio tu.

Suala la barabarani nalo lina ukweli wake. Kwa pombe, Marekani ina kipimo kinachofahamika, asilimia 0.08 katika damu kwa karibu majimbo yote, na kifaa cha kupulizia kando ya barabara. THC haifuati mwenendo wa pombe. Huyeyuka katika mafuta ya mwili, hushuka haraka katika damu baada ya kuvutwa huku dereva akiwa bado amelewa, na kwa anayeitumia kila siku, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi, inaweza kuendelea kuonekana kwenye damu kwa siku kadhaa akiwa timamu kabisa. Colorado iliweka kiwango cha nanogramu 5 kwa mililita, lakini kama dhana tu ambayo dereva anaruhusiwa kuipinga mahakamani. Polisi walitaka kipimo, na kemia haikuwapa. Hata hivyo ugumu huu ungekuwepo bila sheria yoyote ya tiba, kwa kuwa watu waliendesha magari wakiwa wamevuta bangi tangu zamani.

Wakosoaji wa polisi hupenda kuanza na fedha. Sheria ya mwaka 1984 iliziwezesha idara za mitaa zinazoshirikiana na serikali kuu kupata hadi asilimia 80 ya thamani ya mali iliyotaifishwa katika kesi za dawa za kulevya, na utaifishaji huo mara nyingi haukungoja mwenye mali ahukumiwe. Gari, nyumba na fedha taslimu za mkulima wa bangi ziliweza kuwa sehemu ya bajeti ya kikosi. Ni motisha mbaya, na sioni namna ya kuitetea. Ila ningeiweka nyuma ya harufu. Fedha hizo hazikuwanufaisha maofisa wote sawasawa, ilhali ule ufunguo wa kupekua kila askari wa doria alikuwa nao mkononi. Zaidi ya fedha, tusisahau kwamba sherifu katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura, sawa na mwendesha mashtaka wa kaunti. Wanapozungumzia bangi wanazungumza kama wanasiasa wenye wapiga kura wa kuwaridhisha, jambo ambalo mkuu wa polisi aliyeteuliwa na meya halimhusu kwa namna hiyo.

Kisha kuna Oklahoma, ambayo watetezi wa bangi ya tiba hawapendi kuikumbuka. Juni 2018 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha sheria ya tiba kwa takriban asilimia 57, huku vyombo vya dola vikionya kwamba imeandikwa ovyo. Haikutaja orodha ya magonjwa, haikuweka kikomo cha idadi ya leseni, na leseni ya biashara iligharimu dola 2,500 tu. Ndani ya miaka michache jimbo lilikuwa na maduka zaidi ya 2,000 na maelfu ya mashamba, ambayo mengine yalilima kwa ajili ya kusafirisha bangi kwenda majimbo ambako bado ni haramu. Mwaka 2022 jimbo lilisitisha utoaji wa leseni mpya za biashara, na Novemba mwaka huo watu wanne waliuawa kwenye shamba moja katika kaunti ya Kingfisher. Onyo la polisi kwamba bangi ya tiba ingevujia kwenye magendo lilitimia huko waziwazi. Onyo jingine halikutimia: tafiti nyingi zilizolinganisha majimbo kabla na baada ya sheria za tiba hazikuona ongezeko la matumizi kwa vijana wadogo, ingawa hofu hiyo ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango mengi zaidi.

Mpaka hapa nimesema "polisi" kana kwamba ni mtu mmoja. Mwaka 2016 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji askari karibu 8,000 kutoka idara kubwa. Asilimia 32 walitaka bangi iwe halali kwa tiba na kwa starehe, asilimia 37 kwa tiba peke yake, na asilimia 30 tu walitaka ibaki marufuku kabisa. Miongoni mwa raia waliotaka ibaki marufuku walikuwa asilimia 15, kwa hiyo askari walikuwa wagumu maradufu kuliko majirani zao. Hata hivyo takriban saba kati ya kumi walikubali tiba. Na bado vyama vyao vikubwa, cha wakuu wa polisi na cha masherifu, viliendelea kupinga. Kiongozi wa chama huzungumzia ushirikiano na serikali kuu, bajeti na mamlaka, ilhali askari wa doria humkumbuka mama yake aliyepata tibakemikali ya saratani. Kikundi cha maofisa wanaopinga marufuku, kilichoanzishwa mwaka 2002, kilijaa wastaafu, na sababu si ngumu kuibuni: aliye kazini ana mkubwa wake. Isitoshe, askari mwenyewe hawezi kuwa mgonjwa wa bangi kwa urahisi, kwa kuwa serikali kuu ilifafanua mwaka 2011 kwamba mtumiaji wa bangi, hata kwa tiba, haruhusiwi kumiliki bunduki.

Mahali ambapo upinzani huu ulionekana wazi zaidi ni Minnesota, kwa sababu huko haukushindwa kwa kura. Uliandikwa ndani ya sheria. Mwaka 2009 Gavana Tim Pawlenty aliukataa muswada wa bangi ya tiba akisema anasimama na vyombo vya dola. Mrithi wake, Mark Dayton, wa chama kingine, naye alitaka ridhaa ya polisi kabla ya kutia saini. Ridhaa, au tuseme kutopinga, ilipatikana mwaka 2014 kwa bei maalumu: mgonjwa angepewa vidonge, mafuta au kimiminika cha kuvuta kama mvuke, lakini majani hapana, wala kuvuta moshi. Wazalishaji wangekuwa wawili tu, na vituo vya kuuzia vinane kwa jimbo zima.

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mgonjwa haina mantiki, maana majani ndiyo namna ya bei nafuu zaidi. Itazame kwa jicho la askari aliyeinama kwenye dirisha la gari, utaielewa mara moja. Kichupa chenye lebo ni dawa, na majani ni kosa. Ukisikia harufu ya moshi, pekua. Sheria ilimpa mgonjwa tiba yake na ikamwachia afisa ufunguo wake. Mpango huo ulisimama kwa miaka kadhaa, huku wagonjwa wakilalamikia gharama ya mafuta na vidonge, hadi bunge la jimbo liliporuhusu majani makavu mwaka 2021 na yakaanza kuuzwa Machi 2022. Septemba 2023, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kesi ya dereva aliyesimamishwa kwa sababu gari lake lilikuwa na taa za ziada nyingi kupita kiasi, kisha likapekuliwa kwa sababu ya harufu ya bangi, na humo ikapatikana methamfetamini. Mahakama ilisema kwamba bangi ya tiba ipo kihalali jimboni, na kwamba harufu peke yake haikuwapa askari sababu ya kuingia. Kile kilichopatikana ndani ya gari hakikuweza kutumika kumhukumu.